Ushuru wa Korosho: Mwenye Mti Naye Aitwe Mezani

Mwezi uliopita tulikuwa katika kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kwa kazi ya kuandikisha wanachama. Kazi ilipokwisha tukakaa chini ya mwembe tukaletewa maji ya kunywa, na huko juu maji ni heshima kubwa kwa mgeni, maana hupanda mlima kwa taabu. Hapo mzee mmoja akatuuliza: "Wanangu, ninyi mmesoma. Huu ushuru wa korosho unaotozwa bandarini ni mali ya nani?"

Tulimjibu upesi, kama walimu tulivyozoea kujibu, kwamba ni mali ya Serikali.

Mzee akatutazama, akasema, "Serikali ina mikorosho wapi?"

Watu wakacheka sana. Sisi nasi tulicheka, lakini tuliona haya, kwa sababu jibu letu lilikuwa la kitabuni na swali lake lilikuwa la shambani. Tangu siku ile tumelifikiri jambo hili, tumesoma sheria, tumewauliza makarani wa ghala, madereva wa malori na watu wa halmashauri, na leo twataka kumjibu mzee wetu vizuri zaidi. Twajua kwamba jambo la kodi huwachosha wasomaji wengi, nao hufungua ukurasa wa mpira. Twawaomba wavumilie kidogo, kwa sababu fedha tunayoizungumzia hapa imetoka mikononi mwao.

Kwanza tufanye hesabu. Kwa miaka mingi sheria yetu imesema kwamba korosho ghafi zinazopelekwa nchi za nje zitozwe asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au dola 160 kwa kila tani, kwa kutazama kipi ni kikubwa zaidi. Basi meli ikiondoka Mtwara na tani 1,000 za korosho zisizobanguliwa, Hazina imepata si chini ya dola 160,000. Msimu wa 2017/18 mavuno ya nchi yalipita tani 300,000. Chukua tani hizo uzizidishe kwa dola 160 tu, utapata dola milioni 48. Msimu wa 2024/25 mavuno yalipita tani 500,000. Kama zote zingetoka ghafi, kwa kiwango kile kile cha chini ingekuwa dola milioni 80. Hizi si fedha za kununulia chaki.

Je, nani alipaye? Wanunuzi hutuambia kwamba ni wao, na ni kweli kwamba wao ndio wanaoandika hundi. Lakini tuangalie kinachotokea mnadani. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja ya korosho inauzwa bandarini shilingi 3,000. Mnunuzi ajua kwamba asilimia 15 itakwenda kwenye ushuru, yaani shilingi 450. Kabla hajaandika bei yake ameziondoa shilingi hizo, akaondoa na nauli ya lori, na gunia, na riba ya benki, na faida yake, kisha kilichobaki ndicho anachokitaja mnadani. Yeye hawezi kwenda Vietnam au India akamwambia mbanguaji wa kule, "Niongeze, maana kwetu kuna ushuru." Mbanguaji wa kule atamjibu kwamba korosho ziko pia Ivory Coast. Kwa hiyo mzigo hushuka, na ukishuka humkuta yule aliye chini kabisa, mwenye jembe na bomba la kupulizia. Mkulima halipi ushuru kwa mkono wake, hulipa kwa bei anayopewa. Hapo ndipo mzee wetu alipotushinda.

Wengine watauliza, ikiwa ni hivyo kwa nini usifutwe kabisa? Sisi hatusemi ufutwe. Ushuru huu una maana yake, nayo ni nzuri: kuifanya korosho ghafi iwe ghali kidogo kuitoa nchini, ili mwenye kiwanda hapa kwetu apate nafasi ya kuibangua, na vijana wetu wapate kazi. Jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wametupa funzo ambalo halihitaji kusomwa chuoni. Msumbiji katika miaka ya 1990 ilishauriwa na Benki ya Dunia ipunguze ushuru wake wa korosho ghafi, ikaupunguza, huku viwanda vyake vikiwa vimeuzwa kwa watu binafsi. Korosho zikapakiwa kwenda India, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1999 bunge la nchi ile likaupandisha tena ushuru hadi kati ya asilimia 18 na 22, lakini kiwanda kilichokwisha kufungwa hakifunguliwi kwa kupiga kura. Kwa hiyo anayetaka ushuru ufutwe aende kwanza avuke mto akaulize.

Lakini ushuru wa kulinda viwanda ambao haujengi viwanda, wala hauhudumii mikorosho, ni kitu gani? Hilo ndilo swali la leo.

Turudi nyuma kidogo, maana vijana wengi hawajui. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, tukawa miongoni mwa wakubwa wa dunia. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameanguka hadi chini ya tani 20,000. Sababu ni nyingi nazo zimeandikwa sana. Watu walihamishwa kwenda vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali. Bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo. Mikorosho ilizeeka ikasongamana. Na ubwiriunga ukaingia, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua kabla hayajawa punje. Na ajabu ni kwamba wakati huo huo ndipo viwanda 12 vya kubangua vilipokuwa vikijengwa kwa mikopo, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani laki moja kwa mwaka. Mashine zilikuja, korosho hazikuwepo. Vingine havikuwahi hata kufunguliwa vizuri. Baadaye vikauzwa, na baadhi yake vimekaa miaka mingi vikiwa maghala ya kuwekea korosho ghafi zinazosubiri meli. Kiwanda cha kubangua kikageuka kituo cha kusafirishia kisichobanguliwa! Tukipita mbele ya jengo la namna hiyo huwa hatusemi neno.

Kwa nini tunayakumbusha haya? Kwa sababu mipango ile ilifanywa na kila mtu peke yake. Mwenye kujenga kiwanda hakumwuliza mwenye mkorosho kama mavuno yatakuwepo. Mwenye kupanga bei hakumwuliza mwenye kiwanda. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea alikuwa Naliendele na darubini yake, na mwenye fedha alikuwa Dar es Salaam na daftari lake, wala hawakuonana.

Sheria ya korosho ya mwaka 2009 pamoja na marekebisho yake ilijaribu kuwakutanisha. Ilikubaliwa kwamba katika kila shilingi 100 za ushuru wa korosho ghafi, shilingi 65 zirudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao lenyewe, zinunue salfa na dawa, zigharimie utafiti, zioteshe miche, zisaidie ubanguaji. Na shilingi 35 ziende Mfuko Mkuu wa Hazina kwa mahitaji ya taifa zima. Sisi twaona mgawanyo ule ulikuwa wa haki. Mfuko wenyewe ulikuwa na kasoro zake, nasi tutazitaja mbele, lakini msingi ulikuwa mzuri.

Mwaka 2018 msingi huo uling'olewa. Sheria ya Fedha ya mwaka ule ilielekeza ushuru wote, shilingi 100 zote, uingie Mfuko Mkuu, na zao lipate fungu lake kwa njia ya bajeti ya wizara kama mazao mengine. Hoja ya Serikali haikuwa ya kipuuzi. Ilisema fedha ya umma lazima ikae mahali pamoja pa kuonekana, wala si kila zao kuwa na kikapu chake kisichofunuliwa. Wabunge wa Kusini walipinga kwa nguvu, wa chama tawala na wa upinzani pamoja, jambo ambalo halionekani kila siku. Walishindwa.

Sasa msomaji asiyetoka Kusini huenda akasema, fedha ikiwa Hazina si bado ni ya mkulima? Hapa yampasa aelewe kalenda ya mkorosho, maana mti huu haungoji mwaka wa fedha. Maua huanza kutoka kati ya Mei na Julai kufuatana na mahali. Salfa lazima ipulizwe wakati maua yanachipua, alfajiri, upepo ungali umetulia, na irudiwe tena na tena. Salfa ikifika Septemba ni unga wa kupaka ukuta. Bajeti ya Serikali husomwa Juni, mwaka wa fedha huanza Julai 1, kisha ndipo barua zianze kuandikwa, zabuni zitangazwe, meli ingojwe. Fedha ya salfa ikifuata njia hiyo peke yake, haiwezi kulikuta ua. Hilo halisababishwi na ubaya wa moyo wa mtu yeyote. Kalenda mbili tu hazikukutana, na aliyekuwa ameziunganisha ni ule mfuko uliovunjwa.

Yaliyofuata kila mtu anayakumbuka. Msimu wa 2017/18 bei katika baadhi ya minada ilikuwa imekaribia shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga nyumba za bati, walinunua pikipiki, na wengine, tusifichane, walifanya karamu zisizo na mwisho. Msimu wa 2018/19 wanunuzi wakaja na bei ambazo wakulima walizikataa, na Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakapanda kwenda kuzikusanya. Siku ile watu walishangilia, nasi tulikuwa miongoni mwao. Lakini ununuzi uliofanywa kwa amri ya siku moja, bila benki, bila wanunuzi, bila vyama vya ushirika kuketi kwanza na kuulizana nani atabangua na nani atasafirisha, ulileta taabu yake: malipo yalichelewa kwa wakulima wengi hadi mwaka 2019, na korosho zililala maghalani. Mavuno ya msimu ule yalikuwa tani 225,000 hivi, na kwa misimu kadhaa baadaye hayakuzifikia tena zile tani 300,000. Hatusemi kwamba ushuru peke yake ndio ulioyashusha. Mvua ina lake na bei ina lake. Lakini mkulima asiyekuwa na salfa hahitaji mchumi wa kumweleza kwa nini maua yamekauka.

Tangu wakati huo mambo yametengenezwa kwa kiasi, na ni haki kusema hivyo. Sehemu ya fedha imerudishwa kwenye kilimo, wakulima wameandikishwa, salfa na viuatilifu vimegawiwa kwa ruzuku, na mavuno ya 2024/25 tumekwisha kuyataja. Minada nayo imehamia katika Soko la Bidhaa, ambako bei zinaonekana wazi. Serikali imeelekeza korosho za Kusini zipitie bandari ya Mtwara, ambayo ilifunguliwa mwaka 1954, ikakaa miongo mingi ikiwatazama wavuvi huku malori yakibeba mali yake kwenda Dar es Salaam. Haya yote ni mema, wala hatutaki kuwa watu wa kulalamika tu mfano wa chura wa kisimani.

Basi kwa nini tunaandika? Tunaandika kwa sababu wema huu umesimama juu ya hiari ya mwenye kutoa. Mwaka huu ruzuku ipo. Mwaka ujao Hazina ikiwa na shida, kama Hazina zote duniani zinavyokuwa na shida, ruzuku itapunguzwa na hakuna mkulima atakayeulizwa. Kilichotolewa kwa hisani hakidaiwi. Sisi twataka mapatano ya kudumu, yaliyoandikwa, yenye sahihi za wahusika wote.

Wahusika ni nani? Mazoea yetu ni kudhani kwamba jambo la kodi ni la Serikali na mlipakodi, basi. Katika korosho kuna wengi zaidi. Kuna Hazina na Mamlaka ya Mapato. Kuna halmashauri za wilaya, ambazo hutoza ushuru wa mazao wa asilimia 3, baada ya kupunguzwa mwaka 2017 kutoka kiwango kilichokuwa kikifika 5. Halmashauri ya Tandahimba au ya Newala haina mgodi wala hoteli ya watalii, ina korosho, na korosho zikikohoa zahanati hukosa madirisha. Kuna vyama vya msingi na vyama vikuu, TANECU na MAMCU na RUNALI na Lindi Mwambao. Kuna wanunuzi na wabanguaji. Kuna mabenki yanayokopesha msimu mzima. Kuna kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho kimetupa aina za mikorosho zinazozaa mapema, nacho hukumbukwa wakati wa maonyesho ya Nane Nane tu. Hao wote hukutana kila mwaka katika mkutano mkuu wa wadau. Tumewahi kuketi nyuma ya ukumbi wa mkutano wa namna hiyo. Hotuba ni nyingi, makofi ni mengi, maazimio husomwa saa kumi na moja jioni watu wakitazama saa zao za posho. Na jambo moja halimo kamwe mikononi mwa mkutano, nalo ni ushuru. Hujadiliwa, lakini hauamuliwi.

Pendekezo letu ni jepesi. Mkutano huo ufanyike mwezi Februari, minada ikiwa imekwisha na hesabu zikiwa bado za moto, kabla Bunge la bajeti halijaketi Aprili. Siku ya kwanza Mamlaka ya Mapato isome mbele ya watu wote: msimu huu zimepita bandarini tani kadha, ushuru uliokusanywa ni shilingi kadha. Hapo wote wakubaliane fungu la kurudi shambani na fungu la Hazina, si kwa mwaka mmoja, bali kwa miaka mitatu, ili mwenye kiwanda na mwenye benki nao waweze kupanga. Fungu la salfa litengwe kabisa na liagizwe mwezi huo huo kwa dhamana ya benki, isisubiriwe Julai. Mbanguaji wa ndani apate nafuu ya kodi kwa kipimo cha korosho alizobangua kweli, zilizopimwa na kuandikwa, wala si kwa ahadi ya kujenga. Ahadi za viwanda tumezila tangu miaka ya 1970, hazishibishi. Na halmashauri ziseme mbele ya wote kwamba asilimia 3 yao imetengeneza barabara ipi ya kutolea magunia. Barabara ya Mtwara kwenda Newala hadi Masasi ina kilomita 210, nayo imebeba utajiri wa nchi kwa miaka mingi ikiwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Lori likikwama, nauli hupanda, na nauli ikipanda, tumekwisha kuona inakatwa wapi.

Wako watakaosema kwamba tunapanda mbegu ya ubaguzi, kila mkoa udai chake, Geita idai dhahabu yake, Kagera kahawa yake, na nchi ibaki vipande vipande. Hoja hii twaiheshimu, kwa maana sisi ni watu wa umoja kabla ya kuwa watu wa korosho. Mwaka 2013 tuliona Mtwara nyumba zikichomwa na watu wakifa kwa ajili ya bomba la gesi. Tulikuwa wanafunzi bado. Shule zilifungwa, na mama zetu walitufungia ndani. Hatutaki kuyaona tena. Lakini tuliyoyaona siku zile yanatufundisha kwamba watu hawakukasirika kwa sababu gesi ni ya taifa. Walikasirika kwa sababu waliambiwa jambo likiwa limekwisha kuamuliwa. Kuwaita watu mezani mapema ndiyo dawa ya ubaguzi. Na ndiyo maana hatudai shilingi 100 zote. Dawa zilizoko hospitali ya Ligula hazikununuliwa kwa korosho peke yake. Mwalimu wa Kigoma naye ni ndugu yetu, tulilala naye bweni moja chuoni. Tunasema tu kwamba ng'ombe wa maziwa hulishwa kwanza, kisha maziwa yagawiwe nyumba nzima.

Sasa tuje kwa upande wetu wenyewe, ambako ni pachungu kidogo. Tukidai hesabu kwa Hazina, je, sisi tuna hesabu? Ule mfuko wa zamani ulipovunjwa, wakulima wengi tuliowauliza hawakuweza kutuambia hata jambo moja ulilofanya kijijini kwao. Hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewahi kuwasomea. Kitu kisichojulikana na wenyewe hakina wa kukitetea, na siku ya kukitetea ilipofika, wabunge walisimama peke yao.

Na vyama vyetu vya msingi je? Mjomba wetu alipeleka korosho zake katika chama kimoja, ambacho hatutakitaja jina. Nyumbani alipima kilo 412 kwa mizani ya duka. Chamani zikaandikwa 398. Alipouliza akaambiwa ni unyevu. Mjomba ni mtu mpole, alikunja stakabadhi akarudi nyumbani. Kilo 14 kwa mtu mmoja si kitu. Kwa watu 600 ni lori. Katibu wa chama kile huzungumza vizuri sana juu ya dhuluma ya wakubwa wa Dar es Salaam. Sisi twasema mizani ya kijiji na daftari la Hazina ni kesi moja. Wakaguzi wa ushirika wapo, taarifa zao zipo, na wanachama wana haki ya kusomewa katika mkutano mkuu. Ni wangapi huhudhuria mkutano huo? Wengi huja siku ya malipo tu.

Halafu kuna kangomba. Kila mtu analaani kangomba, na karibu kila kijiji kina mtu anayeifanya, naye ni shemeji wa mtu. Mwezi wa Julai nyumba haina unga, mtoto anataka sare ya shule, mlanguzi anakuja na bakuli lake na kununua korosho zikiwa bado maua mtini. Serikali imekataza, polisi wamekamata, lakini njaa ya Julai haikamatwi na polisi. Hapa ndipo mabenki yanapohitajika mezani kwa kazi ya kweli: mkopo mdogo wa Julai kwa mkulima aliyeandikishwa, dhamana yake ikiwa stakabadhi ya msimu uliopita, riba yake ikijulikana. Benki huona ni usumbufu kukopesha shilingi laki mbili kwa mtu wa Mahuta au wa Kitangari. Mlanguzi haoni usumbufu. Na korosho za kangomba hupotea katika hesabu ya chama, wakati mwingine hupotea hata katika hesabu ya halmashauri, kwa hiyo hasara si ya mwenye njaa peke yake.

Kwa wanachama wenzetu, hasa vijana mlioko katika matawi, tuna ombi dogo. Katika kila chama cha msingi mnachokifahamu, ombeni karatasi moja ibandikwe ukutani, mahali pa kusomeka: kilo zilizopokewa, bei ya kila mnada, makato yote moja moja, na mifuko ya salfa iliyofika pamoja na tarehe iliyofika. Haihitaji sheria mpya wala bajeti. Yahitaji kalamu na gundi. Wilaya ikiwa na karatasi hizo, itaingia mkutano wa Februari na hesabu mkononi, na watu wa Hazina watazungumza nayo kwa namna nyingine.

Sisi tulianza katika kijiji kimoja tulichokuwa na jamaa. Mwenyekiti wa chama alikuwa mzito mwanzoni, kisha akakubali. Karatasi tuliiandika kwa mkono, herufi kubwa, kama tulivyofundishwa kuandika ubaoni. Siku ya kwanza kina mama walisimama mbele yake karibu saa nzima, mmoja akiwasomea wengine makato, na palikuwa na kelele. Siku ya tisa tukaikuta imechanwa usiku, na mpaka leo hatujui ni nani. Tumebandika nyingine, juu zaidi, na yule mzee aliyetuuliza swali ameomba nakala yake aiweke nyumbani.